Bakari na Jembe Lililolizidi Trekta

Njia ya kwenda bondeni inapita mbele ya nyumba ya Bi Mwanaheri. Njia nyingine ipo, lakini ile ni ya kuzunguka mlimani, ya mbuzi na wachanja kuni. Kila asubuhi Bakari alipita kwa Bi Mwanaheri akiwa na jembe begani. Alisimama mbali kidogo na mlango, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Tatu. Mmeamkaje?"

"Hatujambo, mama."

Yakaishia hapo. Bi Mwanaheri ni mama mkwe wake. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali sahani moja, hawataniani na hawagombani. Mkwe akikukosea, unanyamaza. Ukimkosea wewe, naye ananyamaza. Hiyo ndiyo heshima. Bakari aliijua vizuri tangu alipomwoa Saumu, na baadaye aliitumia vibaya. Tutafika huko.

Kijiji chao kiko juu milimani, upande wa Rangwi. Watu wa hapo hulima viazi, kabichi na karoti. Mashamba ya bondeni ni mapana na tambarare. Ya mlimani yamekatwa ngazi, moja juu ya nyingine, ili mvua isiuchukue udongo. Kwenye ukingo wa kila ngazi hupandwa majani ya Gwatemala. Mizizi yake inashika udongo, na majani yenyewe wanakula ng'ombe.

Bi Mwanaheri alikuwa na ngazi moja pana, juu tu ya shamba la Bakari la bondeni. Ndiyo iliyomlisha tangu alipofiwa na mumewe. Ukingo wake aliujenga marehemu kwa mikono yake. Majani aliyapanda Bi Mwanaheri mwenyewe, shina kwa shina. Hata mvua kubwa za masika hazikuwahi kuubomoa ukingo ule.

Mwaka huo Bakari na shemeji yake Nassoro, kaka yake Saumu, walinunua trekta dogo la mtumba. Lilikuwa jekundu, si kubwa kuliko gari dogo. Kwanza walilitumia kuvuta tela la kabichi mpaka barabarani. Lakini trekta lisilo na zana halilimi. Nyuma yake lilikuwa na mikono mitatu ya chuma: miwili chini, na mmoja juu katikati. Zana hufungwa hapo. Ukivuta kirungu kilicho kando ya kiti, mikono inapanda. Ukikirudisha, inashuka. Bakari aliipandisha na kuishusha mitupu kila siku, mpaka Saumu akacheka.

"Baba Tatu, trekta lako linapunga hewa tu."

"Ngoja nipate jembe lake," Bakari alijibu. "Utaacha kucheka."

Kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Fundi Eliza ni mwenyeji wa Kwamkoro. Aliendesha matrekta kwenye mashamba ya chai, kisha akasomea mitambo. Sasa ana karakana yake Lushoto mjini, na hufundisha vikundi vya wakulima. Ana sauti kubwa. Husikika kabla hajaonekana.

"Trekta mmepata, hongereni," aliwaambia walipokutana naye mjini. "Zana msinunue kwanza. Nipigieni simu, nije nilitazame trekta, nilitazame na shamba. Chai yenu siitaki. Mnipigie tu."

"Tutakupigia, fundi," alisema Nassoro.

Bakari hakupiga. Moyoni alijiuliza, mwanamke anifundishe trekta, mimi? Tena alikuwa ameshajifunga kwa maneno. Siku ya Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alitangaza mbele yao wote: "Kazi ya kwanza ya trekta letu itakuwa kumlimia mama mkwe." Watu walimsifu sana. "Huyo ndiye mkwe bwana!" walisema. Sifa zile zilimpanda kichwani, akateremka Muheza peke yake kutafuta jembe.

Huko Muheza alimkuta muuza zana katika uwanja uliojaa vyuma. Macho ya Bakari yalikwenda moja kwa moja kwenye jembe la sahani tatu. Kila sahani ilikuwa pana kama sinia la pilau. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, linang'aa.

"Trekta lako lina nguvu ya farasi ngapi?" muuzaji alimuuliza.

Bakari hakujua. "Kubwa tu," alisema.

"Linainua kilo ngapi kwa nyuma?"

"Linainua."

Muuzaji akamtazama. "Kaka, hili ni jembe la huku tambarare. Linavutwa na matrekta makubwa. Kwenu ni wapi?"

"Huku huku," Bakari alisema. Kwao kulikuwa mwendo wa nusu siku, tena wa kupanda mlima.

"Kama una trekta dogo, kuna hili la meno. Jepesi, linafaa."

Bakari aliliangalia lile la meno, akacheka. "Hili si la kuchania nywele?"

Muuzaji naye alicheka, Bakari akalilipia lile la sahani, na biashara ikaisha. Kusema kweli, Bakari hakutaka jembe la kulimia tu. Alitaka jembe ambalo likipita njiani, watu watoke nje kulitazama.

Na kweli walitoka. Jembe lilipofika kijijini juu ya lori, hata wagonjwa walichungulia. Bakari na Nassoro walilishusha kwa msaada wa vijana, wakaanza kulifunga. Pini za jembe zilikuwa nene. Matundu ya mikono ya trekta yalikuwa membamba.

"Shemeji, haziingii," Nassoro alisema. "Tumpigie fundi Eliza?"

"Wa nini? Mchomeleaji yupo."

Mchomeleaji alikata pini nene, akaunga nyembamba. Jembe likafungwa. Bakari akapanda kwenye kiti, akavuta kirungu. Mikono ikalia, jembe likapanda taratibu. Na magurudumu ya mbele ya trekta nayo yakapanda, yakabaki yanaelea. Watoto wakapiga makofi. Walidhani ndivyo linavyofanya kazi.

Nassoro hakupiga makofi. "Shemeji, linainuka mbele."

"Kaa juu ya boneti," Bakari alisema. "Uzito wako utalishikilia."

Nassoro ni mtu mpole. Akakaa.

Asubuhi ya kulima, watu walijaa kwenye ngazi ya Bi Mwanaheri. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni kwake, amejitanda kanga, akitazama kwa mbali kama inavyompasa mkwe. Trekta lilipanda njia ya mteremko likirukaruka mbele, na Nassoro juu yake ameng'ang'ania. Wanawake wakapiga vigelegele. Bakari aliona kifua chake kimejaa.

Alipofika kwenye ngazi alianza kugeuza karibu na ukingo. Mbele pakainuka. Usukani ukawa mwepesi mkononi, haugeuzi kitu. Bakari akaogopa, akakisukuma kirungu chini kwa nguvu. Jembe lote likaanguka, sahani zikauma ukingo. Trekta likashtuka kama punda aliyechapwa. Nassoro akaruka, akaangukia kwenye kabichi za jirani. Pini moja iliyochomelewa ikakatika kwa kishindo. Injini ikazima. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linaning'inia hewani.

Vigelegele vilikatika katikati.

"Nassoro!" Saumu alipiga kelele.

Nassoro aliinuka, akachechemea. Mguu ulikuwa umeteguka, lakini alikuwa mzima. Ndipo watu wote walipotazama ukingo. Kipande kipana kilikuwa kimebomoka. Majani ya Gwatemala yalikuwa yameng'olewa na mizizi yake, yametawanyika. Udongo ulikuwa bado unamiminika chini.

Kisha watu wakamtazama Bi Mwanaheri. Aliutazama ukingo wa mumewe kwa muda mrefu. "Mshukuruni Mungu," alisema, "watu ni wazima." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Laiti angemtukana! Bakari alibaki kwenye kiti cha trekta na hakujua aweke wapi mikono yake.

Wanaume walilivuta trekta kwa kamba mpaka nyumbani. Bakari alilifunika kwa turubai, lisionekane.

Asubuhi iliyofuata hakupita mbele ya nyumba ya mkwe. Alizunguka mlimani.

"Njia hiyo ya wapi?" Saumu alimuuliza aliporudi, nguo zimejaa miiba.

"Baada ya jambo lile siwezi kumtokea mama usoni. Ni heshima."

"Heshima," Saumu alirudia, akaendelea kumenya viazi.

Ikawa hivyo kila siku. Bakari aliyekuwa akitembea katikati ya njia sasa alipita vichakani. Dukani hakukaa. Msikitini alikaa safu ya nyuma, akawa wa kwanza kutoka. Aliona haya hata kumwangalia Nassoro akichechemea. Na Nassoro hakumlaumu, jambo lililomzidishia haya.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Haikuwa kubwa, lakini ilipata njia pale ukingo ulipobomoka. Bakari alikwenda bondeni kutazama. Udongo mweusi, laini, ulikuwa umelala kwenye shamba lake, juu ya matuta yake. Ulikuwa udongo wa Bi Mwanaheri.

Jirani yake Yusufu alikuwa akipalilia ng'ambo ya mfereji. Akaita kama wanaume wa huko wanavyoitana, "Mgoshi! Wenzako wanamlimia mkwe. Wewe umehamisha shamba lake!"

Yusufu alikuwa anatania tu. Lakini Bakari alisikia uso unamwaka moto. Aligeuka, akajifanya anatafuta kitu ardhini.

Siku hiyo hiyo binti yake Tatu alirudi kutoka kwa bibi yake na kikapu cha peasi. "Bibi amesema baba ale."

Bakari alichukua peasi moja. Ilikuwa tamu, imeiva vizuri. "Bibi alisema nini kingine?"

"Alikuwa na wageni. Akawaambia ukingo ulikuwa umezeeka. Akasema si kosa la baba."

Bakari akaiweka ile peasi chini. Alitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alikuwa anaharibikiwa shamba, na bado anamfunika yeye aibu yake.

Saumu alingoja mpaka Tatu atoke. Kisha akaongea, na hakupunguza kitu.

"Baba Tatu, nisikilize. Mama hawezi kuja hapa kukuuliza. Mila inamzuia, nawe unajua. Unajificha nyuma ya mila kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Hiyo unayoiita heshima ni woga. Masika yanakuja. Pale pasipozibwa, mama hatapanda viazi mwaka huu. Na mwakani hakutakuwa na ngazi ya kupanda."

Bakari aliinama, akatazama miguu yake yenye tope. Tope lenyewe lilikuwa la shamba la mkwe. Akachukua simu.

"Fundi Eliza," alisema, "ni Bakari wa trekta jekundu. Nina aibu kukupigia."

"Aibu haifungui nati," Eliza alisema. "Nakuja kesho."

Alikuja kwa pikipiki, na sauti yake ikatangulia. Alifunua turubai, akazunguka trekta, akashika pini iliyokatika. Hakucheka. Bakari alikuwa amejiandaa kuchekwa.

"Kaka Bakari, chukua ile ndoo ya maji. Ibebe karibu na kifua."

Bakari akaibeba.

"Nzito?"

"Kawaida tu."

"Sasa nyoosha mikono. Ishike mbali na mwili."

Bakari akanyoosha. Mikono ikaanza kutetemeka, mgongo ukapinda, akavutwa mbele. Maji yakamwagikia miguuni.

"Ndoo imeongezeka maji?" Eliza aliuliza.

"Hapana."

"Ndivyo ulivyolifanyia trekta. Ndani ya hii mikono mna mafuta yanayosukumwa na pampu. Tunaita haidroliki. Ina nguvu, lakini ina kikomo, na kikomo kimeandikwa kwenye kibao hiki hapa, chini ya kiti. Kimepimwa kwenye ncha za mikono. Jembe refu uzito wake uko nyuma zaidi, kwa hiyo linavuta zaidi. Jembe lako ni zito kama nusu ya trekta zima. Mikono ikiinua, mbele panapoteza uzito. Na magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza. Yakielea, huna usukani."

"Nilimkalisha Nassoro mbele," Bakari alisema kwa sauti ndogo.

"Mtu si jiwe la mzani. Kuna vyuma maalumu vya kufunga mbele. Na kama vyuma havitoshi, basi zana hiyo si ya trekta hilo. Ungemzika shemeji yako."

Bakari alimtazama Nassoro, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo na mguu wake umefungwa kitambaa. "Nisamehe, shemeji," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo.

"Nilikaa mwenyewe," Nassoro alijibu. "Lakini nimesamehe."

Eliza aliinua ile pini. "Na hii ilikuwa inakuambia. Pini na matundu yana saizi zake. Trekta dogo lina pini nyembamba, kubwa lina nene. Zisipoingiana, usiite mchomeleaji. Hiyo zana imetengenezewa trekta jingine. Haya, twende shambani."

Walikwenda bondeni. Upana kati ya magurudumu ya nyuma ya trekta Eliza alikuwa ameshaupima kwa hatua kule nyumbani; sasa akapima njia za shambani. Alichimba udongo kwa mkono, akaufinyanga.

"Hapa mnapanda nini zaidi?"

"Viazi," alisema Nassoro.

"Basi anzeni na kazi, halafu mtafute zana. Msianze na zana mkaitafutia kazi. Udongo huu ni laini, hauhitaji sahani za kupasua pori. Jembe la meno linatosha kuulegeza. Liwe pana kama trekta lenyewe, lifute alama za magurudumu, lakini lisizidi sana. Kisha jembe la kuinulia matuta, la mistari miwili. Zana hizo mbili zinawatosha."

"Na ile mashine ya visu vinavyozunguka?" Nassoro aliuliza. "Wenzetu wanasema inafanya udongo kama unga."

"Inafaa kwa vitalu vya karoti, hapa chini. Lakini usiipende mno. Udongo wa unga karibu na mlima, mvua ya kwanza inaondoka nao."

Bakari alikuwa ameshaangalia juu, kwenye ngazi ya mkwe. "Na pale, fundi? Nilitoa ahadi mbele ya watu kwamba trekta litalima pale."

Eliza alipanda mpaka kwenye ngazi, akashuka. Alikuwa anahema.

"Umeona ninavyohema? Trekta dogo kwenye njia kama ile linapinduka, liwe na jembe jepesi au zito. Na likifika juu halina pa kugeuzia. Pale ni pa jembe la mkono, kaka Bakari. Trekta libaki bondeni."

"Watu watasema nimeshindwa."

"Watasema. Kisha watakula viazi, watasahau."

Eliza aliwaonyesha mambo mengine kabla ya kuondoka. Ukishuka kwenye trekta, shusha zana mpaka chini na uzime injini. Mtu asisimame kati ya trekta na zana wakati wa kufunga, huku mwingine ameshika kirungu. Mtu asipande juu ya zana, wala juu ya boneti. Bakari alirudia kila neno kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Safari hii hakujali nani anasikia.

Lile jembe kubwa lilirudi Muheza kwa lori. Bakari alisimama mbele ya muuzaji, akavua kofia.

"Uliniuliza nguvu ya trekta, nikakudanganya. Sikuijua. Na kwetu si huku. Ni mlimani."

Muuzaji alikuna kidevu. "Nilihisi," alisema. "Ningekukatalia, lakini uliniziba mdomo na ile ya kuchania nywele."

Alikubali kulirudisha jembe, ila Bakari alilipia pini iliyokatwa. Badala yake akachukua jembe la meno na jembe la matuta. Kabla ya kuyachukua aliuliza uzito wa kila moja, na alipima pini kwa pini aliyokuja nayo mfukoni kutoka kwenye trekta. Nyumbani walifunga zana, Bakari akavuta kirungu. Mikono ikapanda. Magurudumu ya mbele yakabaki chini, yametulia. Hakuna aliyepiga makofi, maana hapakuwa na cha kushangaza.

Ilibaki kazi moja, na Bakari aliiogopa kuliko trekta kuning'inia.

Asubuhi aliichukua njia ya kawaida. Alipofika mbele ya nyumba ya Bi Mwanaheri alisimama mbali kidogo na mlango, akainamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Tatu. Mmeamkaje?"

Alimjibu kama kwamba amepita hapo jana. Bakari alisikia machozi yanamlenga, mtu mzima yule.

"Mama, nina maneno. Najua si desturi. Ukingo haukuzeeka. Ni mimi. Fundi aliniambia nisubiri, sikusubiri. Muuzaji aliniuliza, nikamdanganya. Nilitaka watu wanione. Halafu nikawa napita mlimani, nikasema ni heshima. Haikuwa heshima. Nilikuwa nakukimbia. Udongo wako uko shambani kwangu, mama. Nimekuja kuurudisha. Trekta halitapanda pale. Nitalima kwa mkono."

Bi Mwanaheri aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda nyuma ya nyumba.

"Njoo uone," aliita.

Bakari alikwenda. Nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, palikuwa na mtaro uliochimbwa vizuri. Ndani yake yalikuwa yamepangwa majani ya Gwatemala yaliyong'olewa siku ile, shina kwa shina, mizizi ndani ya tope bichi. Mengine yalikuwa yameshatoa machipukizi.

"Niliyaokota mlipoondoa trekta," alisema Bi Mwanaheri. "Nayamwagilia. Nilijua utakuja kuyataka. Ila umechelewa, baba Tatu. Haya mengine yameshazoea hapa, yatakataa kuhama."

Ilimchukua Bakari muda kuelewa kwamba mama mkwe wake anamtania. Alikuwa hajawahi kumtania maishani. Alicheka na kulia kwa pamoja, na akageukia ukutani ili asionekane.

Siku hiyo alianza kubeba udongo kutoka bondeni kwa debe, kichwani, akipanda mlima peke yake. Yusufu alimwona akipita na kurudi, akaacha palizi, akachukua debe lake bila kusema utani wowote. Kufika mchana walikuwa watu wengi. Nassoro, ambaye mguu haujapona, alikaa juu akiupanga ukingo na kuushindilia. Saumu na mama yake walipanda majani. Na Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Bakari alisimama pale pale alipotoa ahadi yake. Aliwaeleza jinsi alivyochagua jembe vibaya, na jinsi ya kuchagua vizuri. Mwishoni watu wawili walimfuata kuomba namba ya simu ya fundi Eliza.

Masika yalikuja kwa nguvu. Yalinyesha mpaka mfereji ukanguruma. Bondeni, matuta yaliyoinuliwa na trekta yalikuwa yamenyooka, na viazi vimeshaanza kuchipua. Mvua ilipopumzika Bakari alitoka mbio kwenda kutazama ngazi ya mkwe. Ukingo ulikuwa umesimama. Maji yaliyokuwa yakitiririka chini yake hayakuwa na tope.

Wakati wa kurudi alipita mbele ya nyumba. Bi Mwanaheri alikuwa mlangoni, anachambua mbegu za viazi za ngazi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Tatu. Mbuzi wa mlimani wanakuulizia."

Bakari aliinamisha macho, kama desturi inavyotaka. Leo hakuwa anaficha kitu.